Povu jeupe mtini: chura anayeota jua wakati wenzake wamejizika

Mvua za kwanza zikishanyesha na lambo likaanza kujaa, nenda kaangalie matawi ya mgunga yaliyoinamia maji. Huenda ukakuta donge jeupe limeng'ang'ania tawini, pengine kubwa kama ngumi, pengine kubwa kama embe dodo. Kwa mbali utadhani ni pamba. Ukisogea unaona ni povu. Jana jioni halikuwepo, na hakuna aliyekuja kufulia hapo.

Kila msimu swali hurudi, siku hizi likiwa limeambatana na picha ya simu: hiki ni kitu gani? Majibu nayo hayachelewi. Mate ya chatu. Sabuni iliyopeperushwa na upepo. Dawa ya mtu, msiiguse. Kisha kuna swali la pili ambalo watu hawaliunganishi na la kwanza, kwa sababu huulizwa miezi mingine kabisa, wakati wa kiangazi: yule chura mweupe kama chokaa aliyekaa juu ya nguzo ya uzio saa saba mchana, mbona hafi?

Donge na chura ni wa ukoo mmoja. Yule wa nguzoni ndiye mwenye povu.

Katika Kiswahili cha kila siku yeye ni chura tu kama wengine. Wanasayansi wanamwita Chiromantis. Hapa nitamwita chura wa povu, tuelewane. Ana aina zake chache barani Afrika. Iliyoenea zaidi, Chiromantis xerampelina, inapatikana kuanzia pwani ya Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji hadi Zimbabwe na Afrika Kusini. Ilipewa jina mwaka 1854 na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekuwa ametembea Msumbiji akikusanya wanyama na mimea miaka ya 1840. Xerampelina maana yake ni rangi ya majani makavu ya mzabibu. Aina ya pili, petersii, iliyopewa jina la Peters huyo huyo mwaka 1882, ni ya nyika za Kenya na Tanzania. Ya tatu, kelleri, ni ya ukame wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia. Ya nne, rufescens, imekwenda kinyume na ndugu zake ikabaki katika misitu ya mvua, Kongo na Uganda ikiwemo. Ndugu wengine wa familia yao karibu wote wako Asia. Hapa Afrika ni kama ukoo uliohamia mbali na kusahau njia ya kurudi.

Maneno mawili kabla hatujaenda mbali. Chura ni amfibia, yaani yumo katika kundi la wanyama ambao wengi wao huanza maisha majini wakiwa na umbo moja, kisha hutoka nchi kavu wakiwa na umbo jingine. Lile umbo la kwanza, lenye mkia na lisilo na miguu, ni kiluwiluwi. Najua wengine huita mabuu ya mbu viluwiluwi pia. Humu nikisema kiluwiluwi nina maana ya mtoto wa chura.

Sasa, kwa nini tunashangaa kumwona chura juani? Nadhani sisi Watanzania tumefundishwa habari za vyura na Kihansi. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja la milima ya Udzungwa, akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji. Mtambo wa umeme ulipoanza kazi mwaka 2000 na maji mengi kuelekezwa kwingine, manyunyu yalikata, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wametunzwa Marekani. Wakarejeshwa nchini mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Mjadala ule uliingia hadi vijiweni, na somo tulilotoka nalo ni kwamba mkatie chura unyevu, kesho hayupo. Kwa chura wa Kihansi ni kweli tupu. Tatizo ni pale tunapolichukua somo la korongo moja na kulipeleka Dodoma, mahali panapopata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena karibu zote katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili.

Fikiria mtungi wa udongo na dumu la plastiki. Mtungi hutoa jasho. Maji hupenya polepole kwenye udongo, hufika nje, hukauka kwa upepo, na ndiyo maana ya ndani yanakuwa baridi. Gharama yake ni kwamba ukiuacha juani bila kuujaza, baada ya siku chache utakuta umepungua. Dumu halitoi jasho. Maji yake yanachemka kwa jua, lakini yapo.

Vyura walio wengi ni mitungi. Ngozi yao ni laini na inapitisha maji, na kwa kiasi kikubwa wanaitegemea kwa kupumua. Hata kunywa hawanywi kwa mdomo: chura mwenye kiu hukaa tu mahali penye unyevu, na ngozi ya tumboni na mapajani hufyonza maji. Ngozi inayoingiza maji ndiyo hiyo hiyo inayoyapoteza. Mjusi ni dumu. Chura wa povu, kwa kadiri ya kupoteza maji kupitia ngozi, amejiunga na kundi la mijusi. Ukimweka juani pamoja na chura wa kawaida wa bustanini, wa bustanini atakauka mapema mno kabla huyu hajaanza kuhangaika.

Mwenyewe husaidia kwa namna anavyokaa. Hukunja mikono na miguu chini ya mwili, vidole vyote ndani, kidevu chini, akawa kidonge. Sehemu inayopigwa na hewa inapungua. Kisha rangi: usiku ni wa kijivu au kahawia yenye mabaka, huwezi kumtofautisha na gome. Jua likipanda, chembe za rangi kwenye ngozi hujipanga upya na anageuka mweupe. Kitu cheupe hurudisha mwanga. Aliyepaka bati lake rangi nyeupe anajua tofauti yake mchana. Kwa hiyo yule "chura mzuka" wa nguzoni si mgonjwa wala hajafa. Amevaa kanzu nyeupe ya mchana.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Joto la hewa likikaribia nyuzi 40 za Selsiasi, dumu linageuka mtungi. Tezi za ngozi hufunguka, anatoa jasho, na mwili wake unabaki na joto la chini kidogo kuliko hewa inayomzunguka. Yaani siku nzima amebana matumizi kama mtu anayesubiri mshahara, na pale tu maisha yanapokuwa hatarini ndipo anavunja kibubu.

Lakini kubana ngozi peke yake kusingetosha, na hapa inabidi tuzungumzie mkojo.

Umewahi kumwona kuku akikojoa? Hujamwona, kwa sababu hana mkojo wa maji kama wetu. Ile sehemu nyeupe kama chaki kwenye kinyesi chake ndiyo mkojo wenyewe. Kila mnyama anayekula nyama, wadudu au maharage hubaki na takataka za naitrojeni mwilini, na takataka hizo ni sumu, lazima zitoke. Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuzitoa kama amonia, ambayo ni sumu kali na inahitaji maji mengi sana ya kuisukuma, kama mtu anayetupa taka kwa kuzisomba na mto. Samaki wanaweza, viluwiluwi wanaweza, maana mto wanao. Ya pili ni kuzigeuza yurea. Ndiyo njia yetu sisi, na ndiyo njia ya vyura wengi waliokomaa. Yurea ni ile ile iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Haina ukali wa amonia, lakini bado lazima iyeyuke majini ndipo itoke. Unahitaji ndoo, si mto. Ya tatu ni asidi ya yuriki, hiyo inayowatesa wenye ugonjwa wa jongo kwa kuganda kama chembe za chumvi kwenye viungo. Kuganda huko, ambako kwetu ni maradhi, kwa ndege na mijusi ni neema: taka ikiganda haihitaji maji ya kuiyeyusha. Unaifagia tu, hata ndoo huihitaji.

Vitabu vilikuwa vimeweka mipaka safi. Asidi ya yuriki ni ya ndege, wadudu na reptilia, na vyura ni watu wa yurea. Mwaka 1970 John Loveridge, aliyekuwa akifanya utafiti Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya taka ya Chiromantis xerampelina ni asidi ya yuriki. (Tafadhali asichanganywe na Arthur Loveridge, aliyekusanya nyoka na vyura Tanganyika miongo mitano kabla yake.) Muda mfupi baadaye vyura wengine wa namna hiyo walithibitishwa Amerika Kusini, nao ni wa mitini, nao hupenda kukaa wazi. Hawana undugu wa karibu na wetu. Shida ile ile ilizaa dawa ile ile katika mabara mawili.

Uone maana yake kwa chura wa nguzoni. Figo za chura haziwezi kutengeneza mkojo mzito kuliko damu yake. Sisi tukishikwa na kiu, mkojo unakuwa wa njano kali. Yeye hana uwezo huo. Chura wa kawaida akikosa maji ana mambo mawili: akojoe apoteze maji, au asikojoe alimbikize sumu. Huyu taka zake zinaganda kibofuni, na maji yaliyokuwa nazo anayarudisha mwilini. Kwa hiyo anaweza kukaa muda mrefu wa kiangazi nje, mitini, kwenye nguzo, wakati mwingine kwenye ukuta wa bafu lako, bila kugusa dimbwi.

Wenzake wa ukanda huo huo wamechagua kujizika. Chura fahali, yule mkubwa wa jamii ya Pyxicephalus ambaye baadhi ya watu humla, huchimba chini na kujifunika kwa tabaka za ngozi iliyokufa, kama mhogo uliofungwa plastiki. Yupo mwingine mdogo, Hemisus, mwenye pua ngumu, ambaye huchimba kwa kutanguliza kichwa. Hao ndio wanaofanya watu waseme vyura huanguka na mvua, au huzaliwa na tope. Leo uwanja ni mkavu, kesho baada ya mvua ya usiku una vyura mia. Walikuwepo miguuni mwako muda wote. Walikuwa wanasubiri kubishiwa hodi.

Turudi kwenye povu.

Shida aliyonayo chura wa nyika ni kwamba hata akiweza yeye kuishi bila maji, mayai yake hayawezi. Yai la chura halina ganda. Na madimbwi ya nyikani ni ya kutiliwa shaka: yanaweza kukauka, na yakidumu yanaingia samaki, kobe wa maji na wadudu walao mayai. Kwa hiyo chura wa povu anatengeneza kidimbwi chake mwenyewe hewani.

Kazi hufanyika usiku. Jike, ambaye hufikia karibu sentimita 8 na humzidi dume, hupanda tawi lililo juu ya maji. Hushika tawi vizuri, kwani vidole vyake viwili vya ndani vinaweza kukabiliana na viwili vya nje, kama koleo. Dume hupanda mgongoni. Jike hutoa ute, kisha miguu ya nyuma huanza kuupiga. Umeshawahi kupiga ute wa yai kwa uma mpaka ukaumuka ukawa mweupe? Ni kazi hiyo hiyo, kwa miguu. Mayai hutoka katikati ya povu hilo, na kazi huendelea kwa saa kadhaa.

Ute unakula maji, na hapo jike hupungukiwa. Atafanyaje? Huacha kazi, hushuka dimbwini, hukaa akifyonza maji kwa tumbo, kisha hupanda tena kuendelea. Nikifikiria mnyama aliyebana maji miezi yote ya kiangazi, kisha anayamwaga yote kwa usiku mmoja kwa ajili ya watoto, sioni ajabu kwamba anahitaji mapumziko ya kunywa.

Dume huyo hayuko peke yake. Kwa kawaida, mbali na aliye mgongoni, huja wengine wakajibana pembeni, nao wakapiga povu na kumwaga mbegu zao. Mwaka 1967 Malcolm Coe aliandika kuhusu madume watatu wa ile aina ya msituni, rufescens, wakijenga kiota pamoja, naye akauita ushirikiano. Tukiangalia leo, neno "ushirikiano" lina ukarimu mwingi. Ni mbio. Kila dume anataka mayai mengi zaidi yawe yake, na kwa sababu mbio zenyewe ni za wingi wa mbegu, korodani za dume wa xerampelina zina uzito wa karibu asilimia 5 ya mwili wake wote. Mwanamume wa kilo 70 angebeba kilo tatu na nusu. Kwa upande wa jike, watafiti Phillip Byrne na Martin Whiting, waliofanya kazi Afrika Kusini, waligundua kwamba mayai yaliyorutubishwa na madume wengi huleta watoto wanaoishi vizuri zaidi kwa wastani. Hakuweka mayai yote katika kapu moja, kwa namna yake.

Methali yetu inasema kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu hata kelele hana. Madume hutoa mlio mdogo wa kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta, ambao ng'ombe hata asingeusikia. Labda ndiyo sababu mtu anaweza kuishi kando ya lambo miaka ishirini asimjue mwenye povu.

Kufikia asubuhi uso wa nje wa donge hukakamaa, ndani kukabaki teketeke. Roger Seymour na John Loveridge, yule yule wa mkojo, walipochunguza viota hivi walikuta wastani wa mayai kama 850 katika kiota kimoja. Swali lao lilikuwa la hewa: watoto 850 katika donge moja wanapumuaje? Jibu liko kwenye neno povu lenyewe. Povu ni hewa iliyofungwa kwa utando wa maji. Kila yai limezungukwa na viputo. Mayai mengi kiasi hicho yakirundikwa pamoja kwenye maji yaliyotuama, ya katikati yangekosa hewa.

Baada ya siku kama tano, viluwiluwi, wakiwa wameshaanguliwa na kuanza kujipindapinda humo ndani, huyeyusha sehemu ya chini ya donge na kudondoka majini mmoja mmoja, kama matone ya mwisho ya mvua kwenye paa la makuti. Tangu hapo ni kiluwiluwi wa kawaida, mwenye kutoa amonia yake dimbwini bila wasiwasi. Ubahili utakuja baadaye, akiota miguu.

Si wote wanaofika. Tumbili wakishajua donge lina nini ndani hulila. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wataalamu waliona chura mwingine mdogo, Afrixalus fornasini, akila mayai ya vyura wenzake, ya chura wa povu yakiwemo. Kobe wa maji hungoja chini, mdomo tayari. Na wakati mwingine tawi lilikuwa limechaguliwa vibaya, au mvua zilikata mapema: viluwiluwi wanadondoka kwenye tope lililopasuka. Povu limewalinda dhidi ya kila kitu isipokuwa msimu mbaya.

Kuhusu mate ya chatu, basi, chatu hatemi povu mitini. Lakini ninaelewa wazo lilivyozaliwa, kwa sababu nyoka wa mitini hukutwa karibu na viota hivi mara nyingi. Wamefuata vyura. Kwa hiyo anayekataza watoto wasichezee povu ana sababu nzuri, ingawa maelezo yake si sahihi. Kuhusu chunjua za mikononi, ambazo watu husema huletwa na kumshika chura, hizo husababishwa na virusi vya binadamu, na chura hana mchango wowote. Osha tu mikono ukishamshika, maana ngozi ya chura yeyote ina ute unaoweza kuwasha macho.

Na tahadhari moja kwa wapiga picha: si kila povu mtini ni la chura. Kuna wadudu wafyonzao utomvu ambao watoto wao hujificha katika povu dogo kwenye vijiti, wakati mwingine wengi kiasi kwamba mti unadondosha maji mchana kutwa na watu wanasema unalia. Utawatofautisha hivi: povu la wadudu ni dogo, limelowa, liko popote. La chura ni donge kubwa, limekauka kwa nje kama mkate, na chini yake kuna maji, au palikuwa na maji.

Ukilikuta, liache tawini. Rudi siku ya nne au ya tano jioni na tochi, ukae kimya upande wa pili wa lambo. Wiki moja baadaye litakuwa ganda la kahawia lililotoboka chini, linalopeperuka kama karatasi, na juu yake kidogo, kwenye uma wa tawi, huenda ukaona kidonge cheupe kimekunja mikono.